Esansi ilikuwa inaenda wapi? Konteri ya mwendo ya boti yetu na piloti tuliyemwita mwizi

Sisi tunaoandika ni komite ya boti ya koperative moja ya wakulima katika teritware ya Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Habari hii tuliona haya kuileta kwenye gazeti, juu inaanza na kosa letu wenyewe. Kwa miezi miwili tulimwita piloti wetu mwizi wa esansi. Tulimkata mshahara, na ilibaki mkutano mmoja tu ili tumfukuze. Kumbe hakuna mtu aliyeiba. Kulikuwa mchanga ndani ya tundu dogo lisilopita unene wa njiti ya kiberiti, na ufa kama unywele kwenye tiyo ya plastiki.

Boti yetu ni ya fibre, urefu mita 7, na moteri ya nguvu ya farasi 60. Tuliipata kwa msaada wa mradi. Inapeleka mawese, mpunga, karanga na unga wa muhogo hadi bandari ya Kalundu, pale Uvira, na inarudi na chumvi, sabuni, majembe na mbegu. Wakati wa mvua, barabara ikijaa matope na camion zikilala njiani, boti njo barabara yetu. Esansi ndiyo inayokula feza nyingi kuliko kitu kingine chote katika hesabu ya koperative, kwa hiyo kila litri inaandikwa.

Tangu mwanzo tulipanga hivi: kwenda tu, bidoni mbili za litri 20, basi. Tulipojaribu mara nyingi tuliona kwamba mwendo mzuri wa boti ikiwa na mzigo ni pale mshale wa konteri unasimama kwenye 15. Konteri yetu ni ya Kimarekani, inahesabu kwa maili. Maili moja ni kama kilometa 1.6, kwa hiyo 15 ni kilometa 24 kwa saa. Tukaandika sheria ukutani mwa depo: mshale usipite 15. Piloti akaifuata.

Mwezi wa tisa safari ikaanza kula litri 46. Mwezi wa kumi, litri 54. Mzigo uleule, watu walewale, njia ileile. Mkutano ukawaka moto. Kila mutu alikuwa na hesabu yake: litri 14 kila safari, safari mbili kwa juma, zinauzwa wapi? Mmoja akasema alimuona piloti akiongea na watu wa bidoni kule Kalundu. Mwingine akasema nyumba yake imepigwa mabati mapya. (Mabati yale, tulikuja kujua baadaye, yalitoka kwa shemeji yake.)

Piloti alisimama katikati yetu, mikono nyuma. “Bapapa na bamama, mie siyauzisha hata litri moja. Mulisema mushale usipite kumi na tano, njo mie nafanya. Kama munaona ni uongo, mupande boti na mie.”

Hakuna aliyepanda. Tuliandika kwenye PV kwamba atalipa litri zilizozidi kutoka kwenye mshahara wake, hadi atakapoeleza esansi inaenda wapi. Yeye ni papa wa watoto sita.

Aliyetufungua macho ni mama mtunza feza. Yeye hajui moteri, lakini anajua kaye. Alikuwa anatafuta hesabu ya chumvi, akapitia kaye ya boti, na macho yake yakaangukia kwenye saa. Piloti wetu ana tabia ya kuandika saa ya kutoka na saa ya kufika, hata kama hakuna anayemuuliza. Mwezi wa saba: kutoka saa 11 asubuhi, kufika saa 3. Ni saa nne za safari. Mwezi wa kumi: kutoka saa 11, kufika saa 2 na dakika 10. Mama akarudia kurasa tatu, nne. Kila safari iliyokula esansi mingi ilifika mapema.

Akamwendea prezida nyumbani usiku uleule. “Papa prezida, mutu anayeuzisha esansi njiani, atafika mbele ya wakati namna gani? Huyu anafika mbio. Esansi inaingia mu moteri.”

Ni kweli, na sisi wote tulikuwa tumekosa kuliona. Kama esansi inatolewa kwenye bidoni na kuuzwa, boti haiongezi mwendo. Lakini kama boti inakimbia zaidi kuliko inavyosema konteri, hapo kila kitu kinaeleweka: piloti anatii sheria, anatia gazi mpaka mshale ufike 15, lakini mshale unachelewa. Ili ufike 15 boti inapaswa kwenda mbio kuliko 15. Kadiri konteri inavyougua, ndivyo piloti mtiifu anavyotia gazi. Piloti asiyejali sheria angeendesha kwa mazoea ya sikio, na labda asingetumia zaidi ya litri 40!

Kesho yake tulipanda boti sisi wenyewe, watu watatu wa komite, pamoja na agronome aliye na telefone yenye GPS. Telefone hizi zinapima mwendo kwa satelaiti, hata pale ziwani ambapo hakuna rezo. Piloti akatia gazi mpaka mshale ukasimama kwenye 15, ambayo inapaswa kuwa kilometa 24. Telefone ikasema 30. Tukageuza boti, tukarudi upande mwingine, isije ikawa ni upepo au maji yanatusukuma. Tena 30. Pale ndani ya boti hakuna aliyeongea. Piloti alikuwa anaangalia mbele tu.

Sasa tuwaeleze kifaa chenyewe, juu koperative nyingine nazo ziko na boti za namna hii, na konteri ikiharibika watu wengi wanaitupa au wananunua nyingine bila kujua shida iko wapi. Mara nyingi sana konteri yenyewe ni nzima. Kinachougua ni kinywa chake na koo lake.

Kinywa ni tundu dogo. Kwenye moteri nyingi kubwa tundu hilo liko mbele ya mguu wa moteri, pale chini panapokata maji, juu kidogo ya usawa wa elisi. Kwenye boti nyingine ni kipande cha plastiki kilichofungwa kwa vise nyuma ya boti, chini kabisa. Boti inapokwenda, maji yanasukuma ndani ya tundu. Kadiri mwendo unavyozidi, presha inazidi. Presha hiyo inapanda ndani ya tiyo nyembamba hadi kwenye konteri mbele ya piloti, na kule inasukuma mshale. Hakuna waya, hakuna betri. Ni maji, hewa na tiyo tu.

Aliyegundua njia hii ni Mfaransa, Henri Pitot. Mwaka 1732 alishusha tiyo iliyopindwa katika mto Seine, kule Paris, mdomo ukiwa umeelekea maji yanakotoka, akaangalia maji yanapanda urefu gani ndani ya tiyo. Pale mto unapokwenda mbio, maji yalipanda zaidi. Hadi leo ndege nazo zinapima mwendo kwa tiyo ya namna hiyo, isipokuwa zinapokea hewa badala ya maji. Na ugonjwa ni uleule. Mwaka 1996 ndege moja ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Wachunguzi waliona kwamba tiyo moja ya kupimia mwendo ilikuwa imeziba, na waliowashuku ni nyigu, wale wanaojenga kwa udongo. Hata boti ikikaa muda nchi kavu, nyigu na buibui wanaingia katika tundu lile. Sisi hatukufikiri hata siku moja kuliangalia.

Jambo la kujua, na ambalo fundi wetu alituonyesha kwa chaki ukutani, ni kwamba presha haipandi sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, presha inakuwa mara nne. Ndiyo maana konteri za namna hii hazina faida mwendo ukiwa mdogo. Boti ikiwa na mzigo mzito inatambaa kilometa 8 kwa saa, presha ni ndogo sana, mshale unalala kwenye sifuri au unatetemeka tu. Huo si ugonjwa. Msiifungue konteri kwa sababu hiyo.

Na kwa sababu presha ni sawa na urefu wa maji, unaweza kupima konteri bila mashine yoyote. Hapa tulifurahi kweli. Tulikwenda kwa masoni wa kijiji, tukaazima ile tiyo yake ya kuonyesha ndani, anayoitumia kwa nivo ya maji akijenga. Tukaitoa konteri kwenye boti, tukaifunga chini ya mwembe ulio karibu na depo, usawa wa goti. Tukachomeka tiyo ya masoni nyuma yake na kuikaza kwa kipande cha mpira wa ndani wa kinga. Halafu tukajaza maji polepole, mtu akigongagonga tiyo ili mapovu yatoke, juu povu likibaki katikati linaharibu kipimo. Kijana mmoja akapanda mtini na ncha nyingine.

Hesabu ni hii. Maji yakisimama mita 1 juu ya konteri, mshale unapaswa kuonyesha maili 10. Yakifika mita 2 na sentimeta 30, maili 15. Mita 4 na kidogo, maili 20. Kwa wale wenye konteri ya kilometa: mita 1 na sentimeta 57 ni kilometa 20, mita 3 na nusu ni kilometa 30. Kama kuna hewa imebaki chini karibu na konteri, usipime kutoka kwenye konteri. Pima kutoka pale maji yanapoishia chini hadi pale yanapoishia juu.

Kijana alipoinua tiyo mita moja, mshale ukaja kwenye 10, kwa unyenyekevu kabisa. Akapanda tawi la pili, mita 2 na 30, ukafika 15. Watoto wa shule walikuwa wamejaa pale, wakapiga makofi. Kwa hiyo konteri nzima. Kama mshale ungekuwa unaonyesha 8 pale pa 10, au unakwama, hapo ndipo tungetafuta konteri nyingine, na tungetafuta feza. Kumbukeni: jaribio hili linatumia maji tu. Msipulize konteri kwa pompi ya kinga, wala kwa kompresa ya wanaojaza pneu. Ndani mwake mna kitu chembamba sana, presha ya pompi inakipasua mara moja, na hapo mmejitengenezea ugonjwa ambao haukuwepo.

Tukabaki na tiyo na kinywa. Fundi akatoa kwanza kluni ya usalama ya moteri na kufungua waya wa betri, ili pasiwe mtu wa kuiwasha wakati mwingine ana mikono karibu na elisi. Tunalisema hili juu kuna mtu kijijini kwetu asiye na vidole viwili.

Mguu wa moteri ukiwa ndani ya maji, fundi akashika ncha ya tiyo pale tulipoitoa kwenye konteri, akapuliza kwa kinywa. Kama njia ni wazi, mapovu yanatoka mbele ya mguu, mengi, bila kusumbua. Kwetu yalitoka mawili, matatu, kama samaki mdogo anapumua. Tukainua mguu. Tundu lilikuwa limejaa mchanga mweusi umeshikamana na matope. Na hapo tulikumbuka: tangu mwezi wa nane, maji yalipobomoa gati letu la miti, boti inapandishwa kwenye mchanga mguu ukiwa umeshuka nusu. Kila safari, kinywa kinakula mchanga.

Kusafisha kuna namna yake. Tulichukua uzi mmoja wa kabule ya frein ya kinga, uzi mmoja tu, tukauingiza polepole tukiuzungusha kwa vidole. Usitumie msumari, usitumie mashine ya kutoboa. Tundu likipanuka au kingo zake zikivunjika, maji hayaingii tena vile yalivyopangwa. Halafu upulize kutoka juu kwenda chini, si kutoka chini kwenda juu, ili mchanga utoke nje, usipande ndani ya tiyo. Hapa unaweza kutumia pompi ya kinga, kwa sharti moja: konteri iwe imetolewa kabisa kwenye tiyo. Tulipuliza, tukamimina maji safi, tukapuliza tena, mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe.

Mapovu yakaongezeka. Wengine wakasema tumemaliza, turudishe konteri twende kula. Fundi akakataa, na alikuwa na haki. Alitueleza hivi: tundu likiziba nusu, na tiyo ikiwa nzima, mshale unakawia kupanda lakini mwishoni unafika mahali pake, kama bidoni inayojazwa kwa mrija mwembamba. Likiziba kabisa, mshale haupandi, au unakwama palepale hata boti ikisimama, juu presha imefungiwa ndani. Lakini mshale wetu haukukawia wala haukukwama. Ulikuwa unapanda vizuri na unasimama chini ya ukweli, kila siku. Hiyo ni dalili kwamba presha inapotea njiani. Kinywa kilichoziba nusu kinaingiza kidogo, na mahali fulani kuna tundu linalotoa. Hayo mawili yakikutana njo unapata konteri inayodanganya bila kuonyesha kwamba inadanganya.

Akachanganya sabuni na maji, akaipaka tiyo yote kutoka konteri hadi pale inapoingia kwenye moteri. Mmoja wetu akaziba tundu la chini kwa kidole, mwingine akasukuma pompi taratibu. Nyuma ya boti, pale tiyo inapopita pamoja na kabule ya usukani na kujikunja kila mara moteri inapogeuka, povu la sabuni likaanza kuchemka. Ufa mdogo. Bila sabuni hakuna ambaye angeuona.

Namna gani ulipatikana? Mwezi wa nane moteri ilifunguliwa ili kubadilisha kimpira cha pompi ya maji. Kwa kazi hiyo mguu unashushwa, na tiyo ya konteri inapaswa kuchomolewa kwanza, kisha kurudishwa bila kubanwa. Aliyefanya kazi ile (hatumtaji, na alifanya vizuri upande wa pompi) aliivuta tiyo, ikakazika pale kwenye kona. Ikawa inasugua. Tangu siku ile ufa ulikua kidogo kidogo, na ndiyo maana esansi ilipanda hatua kwa hatua: 46, halafu 54. Kwa hiyo, kila mara fundi akishusha mguu wa moteri kwa sababu yoyote, mwambieni arudishe tiyo hiyo mbele ya macho yenu, na mpulize kabla hajaondoka.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mafupi. Tulikata sehemu yenye ufa, kama sentimeta 5. Tiyo ilibaki fupi, haikufika, tukaunganisha kwa kipande cha tiyo ya esansi iliyo imara, kilichoingia kwa nguvu juu ya ncha zote mbili, na kolie ndogo kila upande. Mkanda wa gundi hausaidii hapa, unashika siku mbili tu. Tukaacha tiyo ilegee kidogo pale kwenye kona, moteri ikigeuka kushoto na kulia isiivute. Feza tuliyotumia ni ya kolie mbili na kinywaji cha fundi.

Halafu tukaenda ziwani tena na agronome na telefone yake. Mshale 15, telefone 24. Tukageuka: 24. Piloti akazima moteri katikati ya maji, akakaa kimya kidogo. Halafu akasema: “Basi, sasa munaona.” Hakusema lingine.

Safari iliyofuata ilikula litri 41 na kufika saa 3 kasoro dakika tano. Iliyofuata, 40. Wapo waliosema ni kwa sababu sasa anaogopa. Tuliwaonyesha kaye ya mama, saa zile za kufika. Baada ya safari ya tatu hawakusema tena.

Tuongeze maneno machache kwa ajili ya wenye vifaa tofauti. Kuna konteri zisizotumia tiyo. Nyuma ya boti, chini, kuna kigurudumu kidogo chenye mapezi, maji yanakizungusha, ndani mwake mna sumaku, na waya zinapeleka habari mbele. Ugonjwa wake mkubwa ni majani ya maji na nyuzi za nyavu zinazojiviringisha kwenye ekseli. Kizungushe kwa kidole: kinapaswa kuzunguka huru, na konteri ikiwa imewashwa, mshale uruke. Kikizunguka huru na mshale haushituki, angalia waya na viungo vyake, mara nyingi kuna kutu ya kijani, halafu angalia kama umeme wa betri unafika. Kikiwa kizito, toa nyuzi, kisafishe kwa mswaki wa zamani, usikwangue kwa kisu.

Kama kinywa chenu ni kile cha plastiki kilichofungwa nyuma ya boti, angalieni mahali kilipofungwa. Kikiwa juu sana, au nyuma ya ubao unaotengeneza mapovu, kinakunywa hewa badala ya maji, na mshale unarukaruka. Kinapaswa kushuka chini kidogo ya tumbo la boti, mbali na elisi, pale maji yanapopita laini.

Na wenzetu mnaosafiri kwenye mto, wa Kindu na Ubundu kwenye Lualaba, kumbukeni kwamba konteri ya maji inapima mwendo wa boti ndani ya maji, si mwendo kando ya nchi. Mkishuka na mto, telefone itaonyesha zaidi ya konteri. Mkipanda, itaonyesha pungufu. Konteri haina kosa hapo. Jaribuni pande zote mbili, jumlisheni, gawanyeni kwa mbili, hapo ndipo mnaweza kulinganisha.

Hatusemi kila koperative inunue konteri. Mitumbwi mingi ya mbao yenye moteri ya farasi 15 au 40 haina, na inasafiri vizuri. Kwa kweli kilichomwokoa piloti wetu hakikuwa konteri wala telefone, ilikuwa saa ya kutoka na saa ya kufika, kalamu ya bei ndogo, na mama aliyesoma kurasa ambazo sisi wengine tulikuwa tunapiga sahihi bila kusoma. Kama hamna hata kaye ya boti, anzeni na hiyo.

Upande wetu tulibadilisha mambo kidogo. Boti haipandi tena mchangani mguu ukiwa umeshuka. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi piloti na mmoja wa komite wanapuliza tiyo na kutazama mapovu, kazi ya dakika kumi. Tulinunua mita 5 za tiyo kama ile ya masoni, imetundikwa depo. Sheria ya ukutani nayo imeandikwa upya: mshale kwenye 15, na kufika si kabla ya saa nne za safari. Vikipishana, piloti anatoa habari, na hakatwi kitu.

Mshahara uliokatwa tulirudisha wote mwezi wa kumi na mbili. Piloti alipokea, akahesabu, akasema kuna kitu kimebaki. Tukafikiri ni feza. Alitaka PV ya mwezi wa kumi, ile iliyoandikwa jina lake na neno wizi. Sekretere akasema PV haifutwi, ndiyo desturi. Mjadala ulichukua saa nzima. Mwishoni tuliandika PV nyingine, tukaieleza habari yote, litri, saa, mchanga na ufa, na kila mtu aliyepiga sahihi ile ya kwanza akapiga sahihi hii pia. Zimeshonwa pamoja kwa uzi, na piloti ana kopi nyumbani kwake.